Kutoka Mto Sio hadi Kikombeni: Vichujio Tisa, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Mjini Busia, upande wa Kenya, jua halijachomoza, baiskeli za maji zimeshaanza kupita: mitungi ya lita 20, miwili huku, miwili kule, na mmoja juu ya keria kama abiria aliyelipa nauli. Huu ndio mji ulioipa Afrika Mashariki neno boda boda, pale vijana wa baiskeli walipovusha watu mpakani miaka ya 1960. Mtu akivuka huulizwa kitambulisho. Mto Sio hauulizwi kitu. Unapita kati ya Kenya na Uganda, unapokea tope la huku na la kule, unakwenda kulimwaga lote Ziwa Victoria. Mto Malaba nao unashika njia yake kuelekea Mpologoma na Ziwa Kyoga, na mizigo yake vilevile.

Shangazi yangu ameolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Kila nikifika kwake huniambia maji ya kwao ni matamu kuliko ya Busia yetu, nami humjibu kwamba utamu si usafi. Utani huu tumeuendesha miaka, na safari hii tuliumalizia kwenye orodha: vichujio tisa, kutoka kisichofaa kabisa hadi kinachookoa watoto. Nilipanga mimi. Haki ya kunikatiza aliichukua mwenyewe.

Kwanza tuwajue wahalifu, maana ukubwa wao ndio unaoamua nani atazuiwa na nini. Chukua ua wa michongoma. Ng'ombe hapiti: hao ni mayai ya minyoo na viroboto-maji. Mbuzi anajaribu: vimelea kama giardia na kriptosporidiamu, wa mikroni 4 hadi 15 hivi. Kuku anapenya penye pengo: bakteria wa homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu, ambao unene wao ni kama nusu ya mikroni. Siafu anapita karibu ua wowote: virusi vya rota, vya homa ya ini A, vya polio, vilivyo chini ya sehemu moja ya kumi ya mikroni. Kisha kuna vitu vilivyoyeyuka, kama chumvi, floraidi na zebaki. Hivyo si mnyama tena, ni moshi wa jikoni kwa jirani: ua upo, na wewe unakohoa.

9. Macho

Hiki ndicho kichujio kinachotumika zaidi pande zote mbili za mpaka, na ndicho kibovu kuliko vyote. Unainua glasi juani, huoni kitu, unakunywa. Mdudu wa kipindupindu ana urefu wa mikroni 2 hivi. Wapange 500 kichwa kwa mkia ndipo watimize milimita moja. Glasi inayong'aa inaweza kuwabeba kwa maelfu na isibadilike rangi.

"Basi miwani yangu nirudishe hospitali," akasema shangazi. Abaki nayo, ya kusomea Biblia.

8. Leso kuukuu

Usiicheke. Mwaka 2003 Rita Colwell na wenzake walitoa matokeo ya kazi yao Matlab, Bangladesh, ambako akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa mara nne. Kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu, asilimia 48. Bakteria yule ni mdogo kuliko tundu la nguo, lakini ana tabia ya kusafiri amejishikiza kwenye viroboto-maji, na viroboto-maji ni ng'ombe wa ule ua wetu. Ukimzuia ng'ombe, umemzuia na kupe wake.

Tena sari kuukuu ilifanya kazi kuliko mpya, kwa sababu uzi uliofuliwa sana hutoa manyoya na kuyafinya matundu. Dada mwenye leso ya harusi iliyochakaa, usiitupe.

Kitambaa pia kilisaidia kumfukuza mnyoo wa Guinea, yule anayetoka mguuni kama uzi wa moto, ambaye naye huingia mwilini kwa kumezwa pamoja na viroboto-maji. Uganda ilithibitishwa kuwa imemmaliza mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Hapo wenzetu wa ng'ambo walitutangulia miaka tisa, na shangazi hajaacha kunikumbusha.

Kwa nini basi leso iko chini kiasi hiki? Kuku na siafu wanapita.

7. Mlonge na shabu

Saga mbegu za mlonge, koroga, acha saa moja au mbili. Protini ya mbegu ina chaji chanya, chembe za tope zina chaji hasi. Zinakumbatiana, zinakuwa nzito, zinazama na wadudu wengi mgongoni. Shabu ya dukani hufanya kazi hiyohiyo. Ila maji ya mlonge yasilale: mabaki ya mbegu ni chakula, na bakteria waliosalia hawana haya ya kula mezani kwa watu. Huyu ni mtangulizi wa kichujio, si kichujio.

6. Mkaa

Jagi la supamaketi lenye kopo la mkaa ndani huondoa harufu, ladha ya klorini na baadhi ya dawa za mashambani. Mkaa huo umechomwa na kutayarishwa hadi ukajaa vishimo visivyohesabika, na kemikali hujibandika humo kama mbegu za majani kwenye soksi. Lakini wadudu? Mkaa pekee si ua. Ukikaa muda mrefu bila kubadilishwa, wadudu huugeuza nyumba ya kupanga. Na mkaa wa jikoni uliopondwa kwa nyundo si mkaa huu, hata muuzaji ale yamini.

Upo mkaa wa ukoo mwingine unaostahili heshima: mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nakuru, chini ya Dayosisi ya Kanisa Katoliki, na Ngurdoto karibu na Arusha, mifupa huchomwa kwa hewa kidogo ili ikamate floraidi, ile inayowapaka watoto wa Bonde la Ufa meno ya kahawia na kuwapinda mifupa inapozidi. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yaani ng'ombe aliyekwisha kuliwa supu anarudi kulinda meno ya aliyemla. Shangazi alicheka, akasema ng'ombe hamalizi kazi.

Hapa naacha mzaha kidogo, kwa sababu ya Tiira. Upande wa Uganda, wilaya ya Busia, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira huko Busitema, wachimbaji wadogo husaga mawe, wakachanganya unga wake na zebaki ili ishike dhahabu, kisha wakaichoma zebaki ipande hewani. Inayobaki kwenye maji ya kuoshea huteremka mtoni, hugeuzwa na viumbe vidogo vya kwenye matope, huingia kwenye samaki. Mara nyingi wanaoshika sufuria hiyo ni akina mama wenye watoto mgongoni. Mtu akija kukuuzia chungu au mrija wa kuchujia huku akiapa kwamba "unatoa kila kitu", mwulize habari ya zebaki iliyoyeyuka. Vyungu na mirija havikutengenezwa kwa ajili yake. Vipo vichujio maalumu vinavyopunguza metali, vilivyopimwa kwa kazi hiyo na kuandikwa hivyo, na mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye ngozi nyembamba mno, ambayo inataka umeme na fedha. Kwa kijiji, jibu la kweli ni kupima maji na kuhamia kisima kingine. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu mjamzito anayeamini mrija dhidi ya zebaki amedanganywa, na atakayebeba gharama ni mtoto.

5. Mchanga

Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga kichujio cha mchanga Chelsea, London, kwa maji ya Mto Thames. Ushindi mkubwa wa mchanga ulikuja mwaka 1892 katika miji miwili iliyopakana kama Busia na Busia: Hamburg na Altona, Ujerumani. Yote miwili ilinywa Mto Elbe. Altona ilichota chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Kwa akili ya kawaida ndiyo ingeteketea. Lakini Altona ilipitisha maji yake kwenye mchanga na Hamburg haikupitisha. Kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 Hamburg. Altona kiliigusa tu. Kulikuwa na mtaa ambapo mpaka wa miji ulipita barabarani, upande mmoja wagonjwa, upande wa pili wazima.

Nikimweleza shangazi habari hii hunyamaza, kisha huuliza swali la mwenye mji: "Na huo mpaka, askari wake hakuweza kuuzuia ugonjwa?" Hakuweza, shangazi. Mchanga uliweza.

Siri iko juu kabisa ya mchanga: utando hai, utelezi wa viumbe wanaokula wadudu wanaopita. Profesa David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliushusha ufundi huu hadi kimo cha pipa la nyumbani miaka ya 1990. Maji lazima yasimame sentimita 5 hivi juu ya mchanga hata pipa likiwa halitumiki, ama sivyo utando unakauka na kufa. Na kichujio kipya kinahitaji wiki mbili hadi nne kukomaa. Ni kama ng'ombe wa maziwa. Hukamui siku uliyomnunua, na ukisafiri lazima mtu amnyweshe.

Kuku wengi hunaswa. Siafu baadhi hupenya. Na pipa la zege halihamishiki mkihama nyumba.

4. Chungu

Hiki nakipenda, na upendeleo wangu siufichi. Wasamia na Wajopadhola wa pande hizi wamefinyanga vyungu tangu kale, na maji ya chungu yana ubaridi ambao friji haiujui. Chungu cha kuchujia ni jamaa wa karibu. Fernando Mazariegos wa Guatemala alikibuni mwaka 1981: udongo uliochanganywa na vumbi la mbao au maganda ya mpunga, ukakandwa, ukachomwa. Kwenye tanuri maganda huungua na kuacha njia nyembamba ndani ya udongo, mikroni moja au zaidi kidogo, zilizopinda kama vichochoro vya soko la mpakani. Mdudu akiingia humo atagonga ukuta, atapotea, atakwama. Fedha, ile ya pete na bangili, hupakwa kwa uchache sana ili kuua wanaosalia. Vyungu vya namna hii hutengenezwa Limuru upande wa Kenya, na Uganda hutengenezwa kichujio cha udongo kiitwacho Purifaaya.

Kiangalie kwa karibu. Ni chungu chenye umbo la ndoo, kinakaa ndani ya ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko juu na bomba chini. Unamimina jioni. Usiku ukiamka unalisikia tone, kisha tone, kisha tone, lita 1 hadi 3 kwa saa. Kikiziba unasugua ndani kwa brashi laini na maji safi. Sabuni usithubutu, huziba vichochoro. Ukitaka kujua kama kimepata ufa, kigonge kwa kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Chenye ufa kimekwisha, usikizibe kwa saruji. Kipandie sukuma wiki.

Udhaifu wake ni siafu. Kwa virusi, chungu si ngome.

3. Mirija kama tambi

Hebu fikiria tambi zenye uwazi katikati, na ukuta wa kila tambi una matundu ya mikroni 0.02. Siafu anagonga mwamba! Maji hushuka kwa uzito wake tu, bila umeme, kutoka kwenye ndoo iliyotundikwa ukutani. Kichujio cha namna hiyo huweza kusafisha lita 18,000, yaani maji ya familia kwa miaka mitatu hivi. Kwa uwezo wa kuondoa wadudu, kingeshika nafasi ya kwanza.

Lakini sikiliza kilichotokea hapahapa. Mwaka 2011, uliokuwa Mkoa wa Magharibi wa Kenya, Busia ikiwemo, uligawiwa bure karibu vichujio 880,000 vya mirija kwa muda wa wiki chache. Fedha zilitegemea biashara ya hewa ukaa: familia isiyochemsha maji haikati kuni, na moshi usiotoka una bei huko sokoni. Watu walipanga foleni, wakafundishwa, wakarudi na mali begani. Watafiti walipokuja kuuliza miaka miwili au mitatu baadaye, kaya zilizokuwa bado zinavitumia zilikuwa kama moja kati ya tano.

Moja kati ya tano!

Nimekaa na watu walioviweka kando, na hakuna mzembe hata mmoja kati yao. Maji ya tope ya msimu wa mvua huziba tambi, na lazima uziminye nyuma kila siku. Bomba likivunjika, fundi wa baiskeli hana kipuri chake. Mama ana mtungi saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa shule, moto na ng'ombe; kichujio kinachotaka dakika ishirini za mwanzo wa siku kinashindana na uji. Tena wengi hawakuwa wakichemsha maji tangu awali, kwa hiyo hesabu ya kuni ilikuwa ya mezani. Aliyegawa alikwenda na picha zake, na mwenye nyumba akabaki na kifaa kisicho na daktari.

Shangazi alisema hivi, nami nikaandika: "Mwana wa kaka, bibi harusi hapimwi siku ya harusi. Rudi baada ya mavuno mawili."

2. Dawa

Najua, najua, klorini si kichujio. Lakini huwezi kuitaja Busia ukaruka kile kisanduku cha buluu kwenye nguzo karibu na chemchemi. Unaweka mtungi chini, unazungusha kitasa mara moja, mililita 3 za dawa zinadondoka, unajaza lita 20, na ukifika nyumbani wadudu wameshakufa njiani. Nusu saa ikitimia, kunywa.

Wazo hilo lilikomaa kwenye chemchemi za Busia ya Kenya, katika majaribio ya Michael Kremer na wenzake. Kremer huyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Waligundua jambo dogo lenye uzito: dawa ikiuzwa dukani, ni chini ya kaya moja kati ya kumi inayoitumia. Ikiwekwa bure pale pale panapochotwa maji, mbele ya majirani, zaidi ya nusu wanaitumia. Haikuwa dawa mpya. Ilisogezwa tu mahali pake.

Tororo nayo ina sifa yake, na hapa shangazi anakaa wima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia watu wapatao 500 wanaoishi na VVU na jamaa zao, ambao baadhi yao walipewa klorini ya kutia majini pamoja na chombo cha plastiki chenye mdomo mwembamba. Kuhara kwa wanaoishi na VVU kulipungua kwa robo. Walipoongezewa Septrin, kulipungua zaidi, theluthi mbili.

Klorini ina mipaka. Kwenye maji ya tope huchoka mapema, maana tope huinywa kabla ya wadudu. Na kriptosporidiamu, yule mbuzi, ana ganda gumu, haisikii. Ila mbuzi ndiye chungu humzuia bila jasho. Na siafu anayepenya chungu, klorini humuua. Hawa wawili ni watani wa kweli. Kila mmoja anacheka kasoro ya mwenzake, halafu msibani ndiye anayechimba kaburi.

1. Mdomo wa mtungi

Ndiyo. Namba moja ni kitu cha plastiki kisicho na siri yoyote.

Sababu yangu inatoka kwenye chemchemi 200 hivi za Busia, katika utafiti wa Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane, uliochapishwa mwaka 2011. Chemchemi zilijengewa: jicho la maji likafunikwa kwa zege, maji yakatokea kwenye bomba badala ya dimbwi ambalo ng'ombe na watoto wanashirikiana. Uchafu wa kinyesi ukapungua kwa asilimia 66 pale chemchemini. Nyumbani, kwenye maji yaleyale, ulipungua kwa asilimia 24 tu.

Yameharibikia wapi? Kati ya bomba na mdomo wako. Kwenye mtungi ulioogeshwa kwa mchanga wa kando ya njia. Kwenye sufuria pana isiyo na mfuniko. Zaidi ya yote, kwenye kikombe kimoja cha plastiki kinachozama na kuibuka mara thelathini kwa siku, na vidole vya kila aliyekishika vikizama pamoja nacho. Hata chungu cha Limuru, hata tambi za mikroni 0.02, vikimimina kwenye sufuria hiyo vimefanya kazi bure. Hata hivyo kuhara kwa watoto wa kaya zile kulipungua kwa robo. Ule usafi mdogo uliofika nyumbani haukuwa mdogo kwao.

Chombo chenye mdomo mwembamba, mkono usioweza kuingia, mfuniko unaofunga na bomba chini: ndicho kinachoulinda ushindi wa wengine wote. Bei yake haizidi ya kuku mzuri. Nao watu hawana sababu ya kukiacha baada ya mavuno mawili, maana hakiwaongezei kazi.

Mara ya mwisho nilifika Tororo jua la saa nane, vumbi hadi kwenye kope. Shangazi ana chungu cha kuchujia sasa, kwenye kona isiyopigwa na jua, na chini yake ndoo ya bomba. Mjukuu wake akatoka shule mbio, akanyakua kikombe, akaenda kwa mazoea kutafuta sufuria ya kuchotea. Haipo, bibi ameigeuza ya kuloweka mihogo. Mtoto akasimama kidogo, akarudi kwenye ndoo, akafungua bomba, akanywa kwa mlio.

Kisha shangazi akanijazia mimi. "Haya, mwana wa kaka. Sema sasa maji ya Tororo yakoje."

Nilikunywa yote, nikaomba kikombe cha pili.